Mafua ya mtoto na amoksilini

Pole dada. Unauliza kwa nini daktari amekunyima amoksilini wakati mwanao wa miaka miwili ana mafua na kikohozi, ilhali mtoto wa jirani kapewa. Daktari wako yuko sahihi, na mimi ningemshukuru.

Mafua huletwa na virusi, kama ilivyo surua. Amoksilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao. Kirusi hakina ukuta huo, wala chenyewe si seli. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumia kuzaliana, kwa hiyo dawa haina pa kushika. Huenda wa jirani alikuwa na nimonia ya bakteria, na hiyo ni habari nyingine. Mapunye ni fangasi, malaria ni protozoa, kila kundi na dawa zake. (Na tafadhali usimpe vile vidonge vilivyobaki kabatini.)

Mpe vinywaji mara kwa mara, na pua iliyoziba ilainishe kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani. Akishatulia, mfunue kifua, shika saa, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukikadiria kwa nusu dakika utakosea. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, au anakataa kunywa, au degedege limempata, mpeleke hospitali usiku huohuo.