Diploma ya theolojia haitoshi, mdogo wangu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mbeya: "Bwana Yesu asifiwe, dada. Nina diploma ya theolojia na digrii ya ualimu. Nataka kusoma udaktari wa saikolojia ya Kikristo kama wewe. Masharti ni yapi?" Niliusoma mara tatu. Miaka saba iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili kanisani kwetu Morogoro, na akina mama walikuwa wananifuata na matatizo ya ndoa zao. Nilipotuma maombi Marekani kwa mara ya kwanza niliamini kabisa kwamba chuo cha Kikristo kitanipokea kwa ushuhuda wangu. Kwenye usaili nikasimulia wito wangu karibu dakika kumi. Profesa alisikiliza kwa adabu, akaniuliza nataka kutafiti nini. Sikuwa na jibu. Akauliza nimesoma kozi ngapi za takwimu. Moja, na nilipata C. Barua ya kunikataa ilikuja baada ya wiki tatu, mistari minne tu. Chuo sikitaji, nimeshasamehe, lakini nikiikumbuka ile mistari minne bado kifua kinanibana.

Ndiyo maana nataka ulijue hili mapema. Shahada unayoitafuta ni ya saikolojia tiba, ileile anayoisoma mtu asiyemjua Kristo, halafu juu yake unaongezewa theolojia. Seminari ya Fuller, kule Pasadena, California, wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Rosemead, hukohuko California, ilianza kama shule ya saikolojia inayojitegemea, ikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Biola mwaka 1977. Wapo pia Wheaton huko Illinois na George Fox huko Oregon. Ithibati zao zinatoka kwa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, na APA haipunguzi mzigo kwa sababu mnaanza darasa kwa maombi.

Kuingia wanataka digrii ya kwanza yenye alama nzuri, na kama hukusomea saikolojia, uwe na kozi za msingi: takwimu, mbinu za utafiti, makuzi ya binadamu, magonjwa ya akili. Wanataka barua za walimu wanaojua kazi yako ya kitaaluma. Barua ya mchungaji na maelezo ya safari yako ya imani vinaombwa pia, na vyuo vingine vina tamko la imani au agano la mwenendo la kukubali. Umeona mahali diploma yako ya theolojia inapokaa? Ni ya ziada. Theolojia watakufundisha wenyewe. Wewe nenda na takwimu. Nitarudia: takwimu.

Ukishaingia hesabu miaka mitano au zaidi. Udaktari huu ni wa aina mbili, PhD ikiegemea zaidi utafiti na PsyD ikiegemea tiba. Miaka miwili ya kwanza sitaisimulia, ni kusoma na kuandika tu. Nataka nikuambie habari ya mkanda.

Mwaka wa tatu nilikuwa kliniki kwa mafunzo ya vitendo, na mazungumzo na mteja yalikuwa yanarekodiwa kwa idhini yake ili msimamizi ayaangalie. Mteja wangu, nimebadilisha mambo yake ili asijulikane, alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe. Alikuwa ameshika leso, anaikunja na kuikunjua. Akasema, "Nimeacha kuimba." Mimi nikamjibu kwa mstari wa Zaburi, kwa sauti yangu ya kanisani, na nilijisikia nimefanya vizuri. Msimamizi alisimamisha mkanda hapo hapo. "Angalia mikono yake," akaniambia. Ile leso ilikuwa imetulia, na macho ya mama yalikuwa yameenda mlangoni. "Alikufungulia, wewe ukafunga. Hukumuuliza alikuwa anaimba nini." Msimamizi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Hakuwa ananikataza Zaburi. Alinionyesha kwamba niliitumia kujikinga na msiba wa yule mama.

Nilirudi nyumbani nikakaa gizani. Nikawafikiria akina mama wa Morogoro, mmoja mmoja, niliowafunga vinywa kwa jina la Yesu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Rosemead wanamtaka mwanafunzi mwenyewe akakae kwenye kiti cha mteja apate tiba kama sehemu ya mafunzo. Chuo chako kisipokudai, jidai mwenyewe.

Baada ya hapo kuna mitihani mikubwa, tasnifu, halafu mwaka mzima wa kazi chini ya usimamizi, ambao unaugombea nchi nzima kwa utaratibu wa kulinganisha wanafunzi na vituo. Sisi wageni tunaumia hapa. Hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, zinazofundisha wanasaikolojia wengi kuliko taasisi nyingine yoyote Marekani, zinadai uraia. Nilizifuta zote kwenye orodha yangu. Mwaka jana sikupata kituo. Mwaka huu, Februari, barua pepe ilifika asubuhi nikiwa napika uji, nikaiacha sufuria ikaungua. Nimepata! Utukufu kwa Mungu, na jasho ni langu pia, silionei haya.

Leseni bado. Kwa California ni saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi, nusu yake angalau baada ya kuhitimu, pamoja na EPPP, mtihani wa leseni ya wanasaikolojia, wenye maswali 225. Anza kuandika saa zako siku ya kwanza ya kliniki. Mimi nilichelewa, nikapoteza wiki nzima kuzitafuta kwenye shajara.

Na ndugu zangu wachungaji mnaosoma hapa, naomba mnisikie. Kijana anakuja kwenu hajalala siku tano, anasikia sauti, mnamwambia ana roho chafu na mnamfungisha saumu. Mwombeeni, lakini mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Tumezika watu ambao wangeweza kutibiwa. Mimi nimekuwa kwenye hayo maombi, nimeweka mkono kichwani, nasema ninachokijua.

Sasa wewe wa Mbeya. Usiache kazi ya ualimu, wala usiuze kiwanja. Fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombe viza, haitoki mpaka uonyeshe una fedha za mwaka wa kwanza, na viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi popote upendapo. Kama Marekani ni mbali, Daystar wapo Nairobi, chuo cha Kikristo chenye PhD ya saikolojia tiba, na Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mwaka huu tafuta kozi mbili za takwimu hata Chuo Kikuu Huria. Halafu nenda kwa yeyote aliyefiwa mtaani kwenu, kaa naye saa moja bila kumnukulia chochote, na uniandikie alisema nini.