Namba za Kirumi mwanzo, za kawaida kuanzia Sura ya Kwanza: usigawe faili, jenga ukuta mmoja tu

Mkuu, swali lako ndilo linalonilipia kodi ya fremu kila ikikaribia miezi ya kukabidhi tasnifu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Unasema jalada halitakiwi kuwa na namba, kurasa za awali (shukrani, ikisiri, yaliyomo) ziwe na za Kirumi, Sura ya Kwanza ianze na 1, na juu ya kila ukurasa lionekane jina la sura. Ukirekebisha mbele kwenye Microsoft Word, nyuma kunaharibika. Jamaa mmoja hapo juu kakushauri ugawe kazi iwe mafaili matatu. Nakuomba usifanye hivyo. Nilifanya sana nilipoanza steshenari, mpaka siku msimamizi wa dada mmoja alipomtaka aongeze aya mbili katika Sura ya Pili. Orodha ya yaliyomo inahesabu kurasa za faili lake tu, kwa hiyo namba zote za sura nilikuwa nimezichapa kwa mkono. Aya mbili zile zilituweka dukani mpaka adhana ya alfajiri.

Lakini funzo lenyewe lilikuja mwaka 2014. Kijana kaja saa nne usiku na flashi, anakabidhi kesho yake asubuhi, nakala tano. Kazi safi. Nikiwa nataka kuprinti akaniambia, "Bro, Sura ya Tano juu pameandikwa Sura ya Nne, nirekebishie hapo tu." Nikabofya mara mbili juu ya ukurasa, nikafuta Nne, nikaandika Tano, nikatuma kwenye mashine, nikaenda kununua chipsi. Asubuhi wakati wa kubaindi ndipo nikaona Sura ya Nne nzima juu yake imebeba SURA YA TANO. Kurasa 23, mara nakala tano, ni kurasa 115 nilizorudia kwa karatasi zangu na wino wangu. Na wakati narekebisha ile usiku, Word ilikuwa imeniandikia kabisa, kikaratasi kidogo upande wa kulia wa mstari wa nukta: "Same as Previous". Yaani alichonacho huyu ndicho alichonacho wa nyuma yake. Sikukisoma.

Tuwekane sawa kwenye majina. Kijajuu ni yale maandishi ya juu yanayojirudia kila ukurasa, kijachini ni ya chini. Mtaani tunasema heda na futa, ila hiyo futa ina hatari zake: kijana wangu mpya nilipomwambia kwa simu "ingia kwenye futa ya mwisho", aliniuliza afute nini.

Sasa tatizo lako. Hati ya Word ni kama nyumba ya vyumba. Mpaka ujenge ukuta, yote ni chumba kimoja, na chumba kimoja kina kijajuu kimoja. Kubonyeza Ctrl na Enter kunakupeleka ukurasa mpya lakini bado uko chumba kile kile. Kubonyeza Enter mara ishirini mpaka ukurasa ugeuke ndiyo usiseme. Ukuta wa kweli uko kichupo cha "Layout", kwenye "Breaks", chini ya maneno "Section Breaks", unachagua "Next Page". Kabla ya lolote bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ule mstari wa chini kabisa wa dirisha, uweke tiki kwenye "Section". Kuanzia hapo Word itakuonyesha muda wote uko chumba namba ngapi. Mimi bila hiyo sigusi kazi ya mtu.

Kinachowavuruga wengi ni kudhani kila kitu cha kijachini kinafuata ile "Link to Previous", kitufe kinachounganisha kijajuu au kijachini na cha chumba cha nyuma; ukikizima, umekata kiungo. Hapana. Maneno yaliyoandikwa kwenye kijajuu au kijachini, ndiyo, yanarithiwa kutoka chumba cha nyuma kama kiungo hakijakatwa. Lakini aina ya namba, kwamba ni ya Kirumi au ya kawaida, na kwamba inaanza na ngapi, hiyo ni mali ya chumba chenyewe na haijali kiungo. Unaweza kuacha vijachini vimeungana, chumba cha kwanza kikaonyesha iv na cha pili kikaonyesha 4, kwa sababu kilichorithiwa ni agizo tu la "weka namba ya ukurasa hapa". Nilipolielewa hili nilikuwa nimeshakata viungo vya watu kwa miaka mitatu bila sababu.

Kwa hiyo wewe huhitaji vyumba vinane. Viwili vinatosha.

Weka kishale mbele kabisa ya herufi S ya SURA YA KWANZA, weka "Next Page". Kama palikuwa na Ctrl na Enter ya zamani, ifute, la sivyo utapata ukurasa mweupe katikati. Ili kuiona, bonyeza Ctrl, Shift na 8, alama zote zilizofichika zitajitokeza, kuta zikiwa mistari miwili ya nukta. Sasa rudi chumba cha kwanza, bofya mara mbili chini ya ukurasa, weka namba katikati, kisha kwenye "Format Page Numbers" chagua i, ii, iii. Ukiwa bado ndani ya kijachini, weka tiki kwenye "Different First Page", yaani ukurasa wa kwanza uwe tofauti: jalada litabaki tupu ila bado linahesabiwa, kwa hiyo ukurasa unaolifuata utakuwa ii. Vyuo vingi naona vinataka hivyo, lakini soma mwongozo wa idara yako. Halafu nenda chumba cha pili, "Format Page Numbers" tena, chagua 1, 2, 3 na kwenye "Start at" andika 1.

Hapa pana mtego. Mara nyingi hati inayofika kwangu ilishawekewa tiki ya "Different First Page" zamani, na ukijenga ukuta, chumba kipya kinazaliwa na tiki ile ile. Matokeo yake ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza hauna namba, wa pili una 2, na mwenye kazi anaapa kuwa Word ina wazimu. Nenda chumba cha pili, ondoa tiki. Ukiona sura zako zote namba inakosekana ukurasa wa kwanza tu, usitafute mchawi, ni hiyo hiyo.

Jina la sura juu. Wengi wanajenga ukuta kila sura, wanakata kiungo kila sura, wanaandika jina kwa mkono. Ndivyo yule kijana wa 2014 alivyofanya, akasahau kukata kiungo kimoja. Njia yangu siku hizi: ingia kijajuu cha chumba cha pili, kata "Link to Previous" cha kijajuu peke yake (cha kijachini kiache, kila kimoja kina kiungo chake), kisha "Insert", "Quick Parts", "Field", tafuta StyleRef kwenye orodha, chagua Heading 1. Basi. Word yenyewe itasoma kichwa cha sura ambayo ukurasa huo umo na kukiandika juu. Ukibadilisha jina la Sura ya Tatu leo, juu panabadilika penyewe, na ukuta hujajenga hata mmoja wa ziada. Sharti ni kwamba vichwa vya sura viwe vimewekewa mtindo wa Heading 1 kweli kweli. Kama ulikoleza wino tu na kuongeza ukubwa wa herufi, juu ya kila ukurasa patatokea sentensi ya Kiingereza inayoanza na "Error!", nayo inaprintiwa vizuri tu bila aibu. Na kama namba za sura zinajiweka zenyewe, StyleRef italeta jina bila namba. Kwenye dirisha lile lile kuna chaguo la kuingiza namba ya aya, ongeza StyleRef ya pili kwa ajili hiyo.

Ukishindwa kabisa ukaamua kwenda na kuta kila sura, basi kata viungo vyote kwanza, chumba baada ya chumba, ndipo uanze kuandika. Usiandike huku unakata. Na ukumbuke chumba chenye ukurasa wa kwanza tofauti kina vijajuu viwili, na chenye kurasa witiri na shufwa tofauti kinaongeza kingine, kila kimoja na kiungo chake. Umekata kimoja, vingine bado vimeshikana.

Kitu kingine, usifute ukuta ovyo. Ukuta unabeba taarifa za chumba kilicho juu yake. Ukiufuta, maandishi ya juu yanahamia chumba cha chini na kuvaa kijajuu chake, kijachini chake, hata pambizo zake (zile nafasi tupu za kingo za ukurasa). Nimeona kurasa zote za awali zikigeuka 1, 2, 3 kwa mtu kubonyeza Delete mara moja akidhani anaondoa nafasi tupu. Ukiona hivyo, Ctrl na Z haraka kabla hujafanya jingine.

Jedwali pana la Sura ya Nne linalotaka karatasi ya kulala: jenga ukuta kabla yake na ukuta baada yake, geuza chumba cha katikati pekee. Hapo namba huwa inarudi 1 ghafla, maana chumba kipya kimerithi ile "Start at 1" ya Sura ya Kwanza. Vyumba vyote viwili vilivyoongezeka viweke "Continue from previous section". Na kama uliweka namba upande wa kulia kwa Tab, utaiona imeganda katikati ya karatasi, kwa sababu vituo vya Tab (pale maandishi yanaporukia ukibonyeza Tab) havisogei pamoja na pambizo. Ni ugonjwa ule ule wa wanaoweka pambizo ya kushoto sentimita 4 kwa ajili ya kubaindi, halafu wanashangaa namba ya kulia imetokeza nje ya mstari wa maandishi. A4 ina upana wa sentimita 21, ukitoa 4 na 2.5 zinabaki 14.5, lakini kituo cha Tab bado kiko pale kilipowekwa kwa pambizo za zamani. Kama kitu kiko peke yake upande wa kulia, achana na Tab, elekeza aya nzima kulia.

Wanaoniletea malalamiko kwamba nembo ya chuo kwenye kijajuu imefifia: haijafifia. Word inapausha kijajuu kwenye skrini ukiwa unaandika ndani ya ukurasa, karatasini inatoka na rangi yake. Ila nembo kubwa kweli inasukuma maandishi yote chini na kukuongezea kurasa, ipunguze. Na yale maneno makubwa ya kijivu yanayopita nyuma ya ukurasa, kama DRAFT, nayo yanaishi ndani ya kijajuu, ndiyo maana yanagoma kushikika ukiyabofya kwenye ukurasa wa kawaida. Ingia kijajuu utayashika.

Wanaotumia LibreOffice, haya ya kuta msiyabebe yalivyo. Kule kijajuu ni mali ya mtindo wa ukurasa, unatengeneza mtindo mmoja wa kurasa za awali na mwingine wa sura, kisha unapoingiza mkato wa ukurasa (break) unachagua mtindo unaofuata na namba ya kuanzia. Binafsi naona wao wamelifikiria vizuri zaidi kuliko Word, lakini mwanafunzi akirudi na faili la docx mara tatu kati ya programu hizo mbili, lazima kitu kipinde. Maliza ulikoanzia, na dukani njoo na PDF. Kazi zilizopita kwenye simu ndizo zinazonitoa jasho kuliko zote.

Mwisho, siku ya kuprinti jaribu karatasi tatu kwanza: jalada, ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza, na ule wa kulala. Usiandike 1-3 kwenye kisanduku cha "Pages" cha dirisha la kuprinti, maana sasa una kurasa mbili zenye kuhesabika kama ya kwanza, moja ya Kirumi na moja ya kawaida. Andika p1s1 kwa jalada na p1s2 kwa Sura ya Kwanza: p ni ukurasa, s ni chumba. Ukitaka ukurasa wa 5 mpaka wa 7 wa sura, ni p5s2-p7s2. Ukikwama weka hapa picha ya skrini, kijajuu kikiwa wazi na ule mstari wa chini ukionekana, nitakwambia uko chumba gani.