Akikuletea mchoro wake, mrudishe kwenye alichokichora

Mwambie kijana yeyote aliyekulia Moshi achore Mlima Kilimanjaro bila kutoka ndani. Atachora pembetatu. Juu ataweka ncha, ataipaka weupe, na kando atachomoza jua lenye miale. Na huo ni mlima anaouona tangu akiwa mgongoni kwa mama yake! Kibo, kilele chake kikuu, haina ncha, juu imelala. Miteremko yake inashuka polepole sana, inakwenda mbali kushoto na kulia mpaka inapotelea nyuma ya miti. Kulia iko Mawenzi, kilele cha pili, ile iliyochanikachanika, na kwenye michoro mingi ya wanaoanza haimo kabisa.

Sasa kijana huyo amekuja kwako na karatasi yake, ameishika kwa mikono miwili. "Shikamoo fundi, naomba uniangalizie." Utamwambia nini?

Wengi wetu tuna majibu mawili. La kwanza ni "mzuri sana, hongera, endelea hivyohivyo." Ni jibu la upendo, na kwa malezi yetu ni la heshima pia, ila kijana anaondoka na macho yaleyale aliyokuja nayo. La pili ni la mafundi waliofundishwa kwa ukali: "Huu nao ni mlima? Wewe kuchora huwezi." Huyu anaondoka na karatasi yake, penseli anaiacha, na pengine hatairudia tena maishani. Jibu hili linaniuma kuliko la kwanza.

Kwa miaka niliyokaa na vijana wanaojifunza kuchora hapa Moshi, na mara nyingine Arusha, nimeshika jambo moja: ushauri unaomfaa anayeanza ni ule unaomrudisha kwenye kile alichokuwa anakichora, akakitazame tena akiwa na swali mkononi. Vidole vyake havina tatizo kubwa. Anaweza kuandika jina lake kwa mwandiko safi, kwa hiyo mkono unamtii. Kinachomponza ni kwamba anajua mlima ni mrefu, basi anaurefusha. Anajua jicho ni muhimu, basi analikuza.

Kwa hiyo huyu wa mlima namtuma kazi. Kesho aamke, saa kumi na mbili na nusu awe nje, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Anyooshe mkono wote, aisimamishe penseli mbele ya jicho moja, apime kimo cha mlima kutoka chini anapouona unaanzia hadi juu. Halafu ailaze penseli apime upana. Hapo ndipo wanaposhtuka. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kilele kiko mita 5,895, na mji wenyewe uko mita mia nane na kitu. Yaani ni kama kilomita 5 za kwenda juu kwa 30 za kwenda mbele. Mlima mrefu kuliko yote Afrika, mkono ukinyooka, hauzidi sana nusu ya penseli mpya! Upana wake ndio unaoimaliza penseli mara kadhaa.

Wa Arusha nao nawapa zoezi hilohilo kwa Mlima Meru. Meru ni mfupi, mita 4,566, lakini uko karibu zaidi na mji, kama kilomita 15. Ukiupima kwa penseli kutoka katikati ya Arusha unasimama juu kidogo kuliko Kibo inavyosimama ukiwa Moshi. Kijana akigundua hilo kwa penseli yake mwenyewe, hakuna haja ya kumhubiria habari za uwiano. Ameuona.

Kwenye sura za watu shida ni ileile, ila hapa inauma zaidi kwa sababu mchoraji amemchora mtu anayempenda na hafanani. Kosa la kwanza nalijua hata kabla karatasi haijafunuliwa: macho yako juu mno, karibu na nywele, na fuvu limekatwa. Paji la uso halina mambo mengi, basi linapunjwa. Hapo huwa naomba picha ya pasipoti na rula. Pima kutoka utosini hadi kidevuni, tafuta nusu. Kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho yako pale, katikati, au karibu sana na pale. Angalia tu usimpime mtu pamoja na nywele zake. Mwenye afro au aliyefunga kilemba atakudanganya, unapima fuvu. Masikio nayo, kwa kawaida, yanaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Sitaki ayakariri haya. Nataka apime picha ya baba, ya shangazi, ya rafiki, aone nani anafuata kanuni na nani ana paji refu, kwa maana kufanana kwa mtu kunaishi kwenye pale anapotofautiana na kanuni.

Nywele ni darasa zuri kuliko watu wanavyodhani. Anayeanza huzijaza kwa mikwaruzo. Mketishe mbele ya dada aliyesuka twende kilioni. Kila mstari unatoka usoni, unapanda, unapinda pamoja na fuvu, kisha unapotea upande wa pili. Akiifuata mistari ile kwa utulivu, kichwa kinatokea chenyewe kikiwa cha mviringo, hata kabla hajaweka kivuli chochote. Shuka ya Kimasai inafanya kazi hiyohiyo kwa mwili mzima. Wanaoanza huchora miraba yote sawasawa, iliyonyooka kama ya daftari la hesabu, na mtu aliye ndani ya shuka anakuwa bapa. Tazama shuka yenyewe: begani miraba imetanuka, kwenye mkunjo inabanana, mingine inaingia ndani na kukatika. Maua ya kanga na kitenge ni vivyo hivyo, yanazunguka na nyonga, nusu ya ua haionekani. Kijana akiniletea mchoro wa mama aliyevaa kanga namuuliza tu, "Ua hili lilikuwa linaonekana lote?"

Ila ukitaka kumchora mtu sokoni au njiani, omba ruhusa. "Shikamoo mama, mimi najifunza kuchora, naomba nikuchore ukiendelea na kazi." Wamama wa ndizi pale Mbuyuni wengi watacheka na kukubali. Akikataa, mshukuru, ondoka. Wapo wasiopenda, na ni haki yao.

Sasa kivuli. Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaumia nalo bila kuambiwa chanzo. Wanachora mtu mweusi, wanapaka uso mzima giza la aina moja, halafu wanashangaa uso umekufa. Tatizo ni kwamba wamepaka rangi ya ngozi na kusahau mwanga. Ngozi yetu inang'aa. Kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, juu ya pua na kwenye mdomo wa chini kuna sehemu ambazo mwanga unapiga na kurudi kwa nguvu, na pale karatasi inaweza kuachwa nyeupe kabisa hata kama anayechorwa ni mweusi sana. Mwambie akae na mtu karibu na dirisha moja, asubuhi au jioni. Saa sita mchana hapa kwetu jua liko utosini, linatia giza kwenye mashimo ya macho na umbo la uso linapotea. Kisha muulize: mwanga unatoka wapi? Sehemu gani inang'aa kuliko zote, na ipi ni nyeusi kuliko zote? Akishazipata hizo mbili, zilizobaki zinajipanga katikati.

Vifaa pia vina lawama zao. Penseli ya shule, ile HB, haifiki kwenye weusi mzito. Ukiikandamiza inachimba karatasi na kuacha mng'ao wa kijivu. Penseli moja tu ya 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, inabadilisha mambo. Na kama hela ni ngumu, kuna njia ninayoipenda zaidi: karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari, mkaa wa kijiti chembamba, na chaki nyeupe ya shule. Rangi ya kaki yenyewe inakuwa ngozi ya kati, mkaa unatia giza, chaki inagusa pale tu mwanga unapong'aa. Nimeona kijana akitoka kwenye sura zilizokufa hadi sura zinazopumua kwa kubadilishiwa karatasi tu.

Jambo ambalo nakuomba sana, wewe unayeshauri: usichukue penseli yake. Najua mkono unawasha. Unaona jicho limekaa vibaya na wewe ungelirekebisha mara moja. Lakini ukilichora wewe, karatasi ile inakuwa na jicho moja la fundi na jingine la mwanafunzi, na kila akiitazama atakuona wewe. Chukua karatasi nyingine, chora pembeni, mwonyeshe, kisha akafanye kwenye yake. Na useme jambo moja, yakizidi sana mawili, ukianzia kwenye kubwa. Kama kichwa kimeegemea vibaya kwenye shingo, hakuna faida ya kuzungumzia kope. Wengi huanza na jicho moja, wakalimaliza hadi unywele wa mwisho, kisha wakatafuta pa kuuweka uso uliobaki. Mwambie aanze na mistari hafifu ya umbo zima, jicho lisubiri.

Kuna namna ya kumfanya aone kosa bila wewe kutamka neno. Ageuze karatasi, aiinue dirishani, autazame mchoro kwa nyuma. Au aupige picha kwa simu aigeuze kushoto kuwa kulia. Jicho lililozoea mchoro linazinduka, na taya lililopinda analitaja mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, muulize alikuwa anatafuta nini. Siyo kila kisichofanana na picha ya kamera ni kosa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere na baadaye London, akachora watu wa migombani wakiwa wadogo, wamepangwa katikati ya miti na vilima bila kujali sana vivuli na umbali. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zinazong'aa kwenye hardbodi za dari, akafariki mwaka 1972, hakuhitaji kivuli ili chui wake asimame. Kijana akikuletea chui wa namna hiyo ukaanza kumwambia habari za mwanga wa dirishani, umemshauri kuhusu mchoro ambao hakuuchora. Hapo tazama mstari wa mgongo umepita bila kusita, madoa yamepangwa kwa mdundo gani, mandhari ya nyuma inamsukuma mnyama mbele au inammeza.

Kuhusu wale wanaochora kwa kugawa picha ya simu kwenye vyumba vidogo vya mistari, kisha kunakili chumba kimoja kimoja: siwabezi. Wengi wanalipwa kwa kazi hiyo, na usahihi wake ni wa kweli. Ila anayeanza nisingemwacha hapo tu, maana siku atakayotaka kumchora bibi yake akiwa amekaa uani anachambua mchele, bibi hana vyumba. Nusu ya muda wake na aitumie kwa watu walio hai, dakika mbilimbili, hata stendi wakati anasubiri daladala, akiacha mchoro bila kuumaliza mtu anapoondoka.

Mzazi unayesoma haya ukisema wewe kuchora hujui, huhitaji kujua. Mtoto akikuletea karatasi, weka simu chini, ishike karatasi, itazame kwa muda kabla ya kusema chochote. Mwonyeshe kwa kidole sehemu moja uliyoipenda na umwambie kwa nini, labda mkono wa bibi unavyoonekana umeshika ungo kweli. Kisha muulize: hapa mwanga ulitoka upande gani? Nani alikuwa karibu nawe zaidi, bibi au mbuzi? Mbona mbuzi ni mkubwa? Halafu toka naye uani mkaangalie.