Risasi Iliyonasa Topeni

SWALI: Kikundi chetu kinakusudia kuchimba bwawa la kunenepesha kaa koko ukingoni mwa hori la Makupa, Mombasa, si mbali na lililokuwa jaa la Kibarani. Tumeambiwa kwamba hata maji yakipimwa na kuonekana safi, tope laweza kuwa na risasi nyingi, yaani ile metali nzito yenye sumu. Inakuwaje, na je, risasi ikishanasa hubaki humo daima?

JIBU: Mmeambiwa kweli. Risasi inayoshuka na maji ya mvua kutoka jaani haikai majini muda mrefu. pH (kipimo cha uasidi) ya maji ya bahari ni karibu 8, na katika hali hiyo risasi hunata upesi juu ya chembe za mfinyanzi, za mboji na hasa za kutu ya chuma na ya metali iitwayo manganisi. Chembe hizo zikikutana na chumvi hugandana, zikawa nzito na kuzama pale maji yanapotulia, yaani katikati ya mizizi ya mikoko. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, ina tabia tofauti: huvutwa na kloridi iliyomo katika chumvi, hivyo sehemu yake hubanduka na kurudi majini.

Fukueni kidogo kando ya tundu la kaa, mtazame. Juu tope ni la kahawia, na kuta za tundu zina utando wa rangi ya kutu. Chini yake ni jeusi, linanuka kama yai viza. Kutu hiyo hudumu kwa sababu hewa inaifikia. Kwenye weusi hakuna oksijeni, kwa hiyo bakteria huiyeyusha kutu na kuziachia metali zilizoinata, lakini bakteria wengine hutumia salfeti (chumvi yenye salfa) ya maji ya bahari kutengeneza salfaidi (namna nyingine ya salfa), ambayo huzifunga risasi, shaba na zinki kwa nguvu zaidi.

Lakini kifungo hicho hudumu tu hewa isipofika; basi metali hazibaki humo daima, na ndiyo sababu ninawasihi msianze kuchimba. Tope jeusi likitolewa juu likapigwa na hewa, salfaidi huvunjika, tope huingia asidi, na metali huachiliwa ndani ya bwawa lenyewe, ambamo kaa anajichimbia na kula. Kumpika hakuziondoi. Pelekeni kwanza maabara tope la kina kile mtakachochimba, si la juu tu, mkiomba sehemu laini ipimwe peke yake, kwa kuwa mchanga hushika metali kidogo na huweza kuficha kiwango halisi. Pelekeni pia kaa wachache wanaoishi hapo sasa, nyama yao ipimwe.