Notisi ya madai imetua Perth, siku 21 zinakimbia

SWALI: Shikamoo mama wakili. Mimi niko Tandika, nina kampuni na binamu yangu aliyeko Perth, Australia, tunauza tangawizi kavu kule. Waliotutunzia mzigo godauni wametuletea notisi ya madai, dola 11,600 za kwao, tulipe ndani ya siku 21 la sivyo wanaomba kampuni ifungwe. Na mzigo wenyewe waliulowesha, magunia yakaota ukungu, hasara 8,500, picha tunazo na tulilalamika kwa imeli tokea mwezi wa tatu. Binamu anasema tukae tu, tutajitetea wakitupeleka mahakamani. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie binamu asithubutu! Kule ukikaa kimya siku 21 zikapita sheria inaichukulia kampuni haina uwezo wa kulipa madeni, na siku ya kesi ya kuifunga ukianza ooh walilowesha tangawizi, hoja uliyoweza kuileta mapema huileti tena mpaka jaji akuruhusu, na haruhusu kirahisi.

Pelekeni maombi mahakamani notisi itenguliwe. Ndani ya siku hizo hizo maombi na kiapo viwe vimefailiwa NA nakala zimeshamfikia mdai, kufaili peke yake haitoshi. Siku haziongezwi, mahakama ya juu kabisa kule ililimaliza hilo mwaka 1995. Na zinahesabiwa toka notisi ilipofika anwani iliyosajiliwa ya kampuni, sio siku binamu alipofungua bahasha. Wengi wanaandikisha ofisi ya mhasibu, barua inalala mapokezi wiki nzima chini ya makaratasi ya watu wengine.

Sasa utamu uko kwenye hesabu. 11,600 toa 8,500 inabaki 3,100. Toka Julai 2021 kiwango cha chini cha notisi hizi ni dola 4,000, kwa hiyo jaji akiona dai lenu ni la kweli, sio la kutunga (hamhitaji kulishinda siku hiyo), notisi inakufa. Ingebaki zaidi ya hapo angeweza kuipunguza tu. Basi picha, imeli, risiti za mzigo, vyote viingie kwenye kiapo sasa hivi, msiseme mtaleta baadaye. Na msihangaike kutafuta herufi iliyokosewa kwenye jina la kampuni, hiyo haiwasaidii.

Perth wametutangulia masaa matano, saa 11 alfajiri ya Tandika kwa mhasibu ni saa 4 asubuhi. Binamu akaulize barua ilifika lini.