Boti Inapohama Ziwa: Maswali ya Wasomaji

Nimenunua boti ya matembezi Mwanza na nitaileta kwa lori. Je, niisafishe nikifika? (Msomaji, Kibirizi)

La, isafishe hukohuko Mwanza, kwa kuwa ukiioshea ufukweni Kigoma, kila kitakachong'oka kitaingia Ziwa Tanganyika. Toa kwa mkono majani na matope yaliyonasa kwenye panka, nanga, kamba na trela; fungua vizibo, umwage maji ya ngama, yaani yale yanayotuama chini kabisa ndani ya boti; kisha ishushe mashine isimame wima ili maji yaliyobaki kwenye njia za kupozea yatiririke yote. Baada ya hapo ianike juani siku 5 au zaidi, pamoja na kamba na majaketi okozi, ambayo watu wengi huyasahau yakiwa bado na unyevu.

Boti yangu inang'aa. Inaweza kubeba nini? (Msomaji, Ujiji)

Kung'aa hakutoshi, ndugu yangu. Magugumaji, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, yalienea Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi yakaziba mialo na kuzuia mitumbwi kutoka. Kipande kidogo cha mmea huo huchipua upya, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikiwa hai. Huko Marekani, kome wadogo wenye mistari kama ya pundamilia wamesambazwa na boti za burudani kutoka ziwa hadi ziwa, na mabuu yao hayaonekani kwa macho, hivyo maji kidogo tu yaliyotuama ndani ya boti yanatosha kuwasafirisha. Naliogopea sana Ziwa Tanganyika, kwa sababu lina samaki wengi wasiopatikana penginepo duniani, na wakitoweka hapa hatuna pa kuwafuata.

Je, nitumie dawa ya klorini? (Msomaji, Tabora)

Sikushauri, kwani ikitiririkia bwawani huua samaki. Maji ya moto ya nyuzijoto 60 yanatosha, mradi uyamwage polepole kwenye pembe na mianya, mbali na maji.

Mimi huenda Gombe na kurudi tu. (Msomaji, Katonga)

Kwa kuwa hutoki ndani ya ziwa hilohilo, hatari ni ndogo. Hata hivyo, chambo hai kilicholetwa kutoka mto au bwawa jingine usikimwage ziwani. Kizike nchi kavu.