Septemba mpaka Januari mtoto ni wa shule gani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza shule ya serikali ya pembezoni mwa mji ikiongezewa hela ya kuwasaidia wanafunzi ianze na kipi, chakula cha mchana, maabara, kompyuta au nini. Mi ni mama wa watoto watatu, nina genge hapa Pongwe, Tanga, watoto wangu wote wamesoma na wanasoma shule za kata, na jibu langu ni moja tu, waanze na ile miezi minne ambayo mtoto hana shule.

Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha kwanza kinafunguliwa Januari. Hapo katikati mtoto wa miaka 13 au 14 yuko nyumbani tu. Mwenye nacho anampeleka prifomu wani mjini, nauli kila siku na hela ya tuisheni juu, mtoto anazoeshwa Kingereza mapema maana miaka saba kasoma karibu kila kitu kwa Kiswahili na Januari karibu kila kitu kinageuka kuwa Kingereza. Asiye nacho, wa kiume anaenda Muheza kuuza machungwa, wa kike ndo anakuja kuombwa na watu wa Dar, "nipeni anisaidie mtoto mpaka shule zifunguliwe". Jirani yangu alimtoa wa kwake hivohivo. Shule zilifunguliwa, binti hakurudi, alikuja kurudi Pasaka imeshapita na wenzie wako mbali, wallahi roho inaniuma mpaka leo maana yule mtoto alikuwa na akili za hesabu.

Wa kwangu wa kwanza hakwenda Dar, alikaa na mimi gengeni, nikajua nimemlinda. Alipoanza kidato cha kwanza akawa anarudi kimya, nikaona daftari la bayolojia kaandika fotosinthesisi ukurasa mzima, anaikariri usiku kama anayehifadhi kitu asichokijua, nikamuuliza ndo nini hii mwanangu, akasema sijui mama ila itatoka kwenye mtihani. Jamani! Ilikuwa ni usanisinuru, kitu ambacho mwaka wa nyuma yake alikuwa anamfundisha mdogo wake hapo mlangoni, jani, jua, maji, chakula cha mmea, anakielezea vizuri kabisa. Elimu alikuwa nayo kichwani, hakuna aliyemwambia kuwa ni kitu kilekile. Najua kuna kozi ya kuwazoesha mwanzoni mwa kidato cha kwanza, lakini ni wiki chache na darasa limejaa, aliyekaa bubu miezi minne wiki hizo hazimtoshi.

Wa pili alipomaliza la saba tukapata bahati, mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu akawa anawakusanya watoto barazani kwake baada ya alasiri, kipande cha plaiwudi kapaka rangi nyeusi, kila siku maneno kumi tu, na maneno yenyewe ni ya vitu walivyokwisha soma, mzizi, joto, sehemu, pembetatu, anawauliza kwanza kwa Kiswahili waeleze halafu ndo anawapa jina la Kingereza. Shilingi 200 kwa siku na asiye nayo anakaa hivohivo. Huyu wa pili alipoingia sekondari mkono ulikuwa unanyooka darasani. Akili zake hazimzidi dadake, nawajua wote.

Sasa kuhusu hela. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari ya kutwa, ile 20,000 kwa mwaka, ilifutwa, na serikali ikawa inapeleka ruzuku shuleni, 10,000 kwa mtoto wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka. Mi nashukuru sana, bila hiyo hata huyo wa kwanza sijui. Ila ruzuku inafuata daftari la shule, na wa Septemba mpaka Januari hayupo kwenye daftari lolote, msingi wameshamuaga, sekondari hawajampokea. Na kwa mtaala mpya msingi inakuwa miaka sita, kwahiyo mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, yani watoto watakaokaa nyumbani miezi hiyo ni mara mbili!

Chakula sikipingi, mtoto mwenye njaa hafundishiki, na wengi mtakaoandika mtasema chakula. Mi nasemea hawa wasio na wa kuwasemea. Na hapa wala hela nyingi haihitajiki, darasa la la saba lenyewe muda huo wote limefungwa kufuli, inatakiwa chaki na posho ya mwalimu mmoja. Yule mzee wetu sasa miguu haimpi, baraza limebaki tupu. Nimemuuliza mwalimu mkuu kama tunaweza kupewa lile darasa jioni, binti yangu wa kwanza yuko tayari kusaidia kufundisha, kaniambia nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Barua ninayo, Jumatatu naipeleka.

Mama wa genge, Pongwe